Kisiwa Kilichokwenda Kamina

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka 1999, Ndaya alikuwa amechuchumaa mbele ya uchanja wake akipindua kambale juu ya moshi, wakati kisiwa alichoishi kilipoachana na maji ya ziwa Kisale na kupanda hewani.

Hakikuwa kisiwa kikubwa. Kama visiwa vingine vinavyoelea pale Kinkondja, kilikuwa mizizi ya mafunjo iliyoshikana na matope, urefu wa hatua thelathini, na juu yake nyumba moja ya nyasi, uchanja wa samaki, kuku watano na kamba ya kuanikia nguo. Miaka yote upepo ulikuwa ukikisukuma huku na huku juu ya ziwa. Siku hiyo ulikisukuma kwenda juu. Ndaya alimaliza kupindua samaki waliobaki, maana walikuwa wanaanza kuungua upande mmoja, kisha akaingiza nguo ndani.

Jirani yake Kyabu, aliyekuwa akitega nyavu chini, aliinua kasia.

"Ndaya, unaenda wapi?"

Ndaya aliangalia kisiwa kilikoelekea. Kilielekea magharibi.

"Kamina, kwa yaya."

"Basi umusalimie Suzanne. Umuambie mama yake mukubwa alipona."

"Nitamuambia."

Huko Kamina alikuwa na shughuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya zamani: Suzanne, yaya wake, yaani dada mkubwa, aliolewa huko miaka kumi na mitano iliyopita na karani wa Kimethodisti aitwaye Malachie, na kila Noeli alituma barua ya kumwita. Kila mwaka Ndaya alijibu kwamba hawezi kulala juu ya ardhi isiyotikisika, inampa maumivu ya kichwa. Ya pili ilikuwa ya mwezi wa nne. Askari waliteremka Kinkondja wakachukua wanaume wa kuwabebea masanduku ya risasi mpaka kwenye reli. Walisema siku tatu. Mumewe Jessé alikuwa kati yao, na sasa ilikuwa miezi mitatu. Kwenye ofisi ya serikali Kinkondja, Ndaya alijibiwa kwamba hakuna raia aliyechukuliwa, kwa hiyo hakuna wa kurudishwa.

Safari ilichukua siku sita. Kisiwa kilikwenda polepole, kikidondosha maji njia nzima, na nyuma yake mstari mwembamba wa majani mabichi ulichipuka katikati ya nyasi kavu. Kilipoanza kupanda mwinuko, baridi ilimshika Ndaya, akavaa koti la Jessé. Vilima vilipita chini yake kimoja kimoja, vimeungua kwa moto wa kiangazi. Watu wa vijijini walimuuliza bei ya samaki. Siku ya tano aliiona reli, na siku ya sita asubuhi akaona mapaa ya mabati ya Kamina.

Aliupenda mji huo mara moja. Barabara zake zilikuwa pana na tupu, zimepandwa miti pande zote mbili. Watu walisukuma baiskeli za muhogo bila haraka, na hewa ilikuwa safi, ya kunywa kama maji. Treni za abiria hazikuja tena tangu vita. Kitu pekee alichokisikia alipokuwa akipita juu ya stesheni ni sauti ya mwanaume mmoja, mahali fulani nyuma ya ukuta, akihesabu kwa Kifaransa.

Suzanne alikuwa anafagia uwanja wake. Tone lilimwangukia shingoni. Akatazama juu.

"Mwishowe umekuya," alisema.

"Nimekuya, yaya. Mama mukubwa alipona."

"Mungu asifiwe. Ungojee, nitaomba ngazi ya kanisa."

Wakakifunga kisiwa kwenye mparachichi, mti wa avoka. Suzanne alipanda ngazi, akakumbatia mdogo wake kwa muda mrefu, akalia kidogo, akasema amekonda, akala kambale wawili akiwa amesimama hapo hapo. Tangu aondoke ziwani alikuwa hajala samaki wenye ladha ile. Waliongea mpaka uji aliouacha Suzanne motoni ukaungulia chini na hakuna aliyejali.

Malachie aliporudi kutoka kazini mchana, alimsalimia shemeji yake kwa adabu zote, akaulizia kuku, kisha akamkumbusha kwamba wakati wa vita kila mgeni lazima aandikishwe kabla ya siku mbili kupita. Alikuwa mtu wa shati jeupe, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika ofisi ya mji, na fomu alikuwa nayo mkobani.

"Umekuya na nini? Hapa iko treni, kamio, baiskeli, miguu, ao ingine."

"Na nyumba yangu."

Malachie aliandika *ingine*.

"Sababu ya safari?"

"Kutembelea yaya. Na kutafuta bwana yangu. Askari balimubeba."

Kalamu ilisimama. Malachie alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Shemeji, nitaandika ya yaya tu."

"Juu ya nini?"

"Juu ile ingine haiko na nafasi kwa fomu."

Alipiga muhuri, akapulizia wino ukauke, akampa. Jioni ile hakula sana. Ndaya aliona, lakini alikuwa mgeni, na mgeni hamuulizi mwenye nyumba kwa nini hali.

Jumamosi upepo uligeuka. Kisiwa kilivuta kamba mpaka mti wa avoka ukainama, na Suzanne akaenda dukani kwa Moustapha, mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Moustapha alipima kamba ya mkonge hatua mia tatu.

"Ni ya kufunga nini?"

"Kisiwa cha mudogo yangu."

"Basi uchukue ile nene," alisema Moustapha. "Hii nyembamba ni ya mbuzi."

Waliunga kamba mpya, wakailegeza polepole ili mti usivunjike. Kisiwa kilivuka reli, kikapita juu ya nyumba za makarani, kikafika kwenye ghala la zamani la pamba ambalo askari waliligeuza depo ya risasi, na hapo kikasimama, nusu juu ya barabara, nusu juu ya uwanja wa ndani. Ndaya aliinama ukingoni.

Ndani ya ukuta kulikuwa na masanduku ya kijani yaliyopangwa kama matofali, na wanaume waliokuwa wakiyahamisha kutoka upande huu kwenda upande ule. Walikuwa arobaini na mmoja. Wanane aliwajua kwa majina. Wa tisa alikuwa Jessé.

Alikuwa amebeba sanduku begani. Kivuli kilipomfunika aliinua macho, akaitambua sakafu ya nyumba yake kutoka chini, akalitua sanduku.

"Ile kona ya pembeni ya uchanja," alisema, "inaoza. Haukuona?"

"Niliona. Nilikuwa nangojea weye."

Walitazamana. Jessé alikuwa na ndevu na bega lake moja limeshuka kuliko lingine. Ndaya aliteremsha wavu mkubwa, ule wa kuvulia mbali, mpaka ukagusa miguu yake.

"Panda."

Jessé alizishika nyuzi za wavu, akazipapasa fundo moja moja, maana ni yeye aliyeusuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Banatuhesabu asubui na mangaribi. Kama mumoya anakosa, benye kubakia banapigwa mpaka anarudia. Mwezi wa tano Ngoie alitoroka. Babiri balikufa sababu yake."

"Basi mupande bote."

"Ni minyi nilijenga ile nyumba, Ndaya. Nayua uzito wake. Kisiwa kinabeba bantu bane. Tuko makumi ine na mumoya."

"Basi bane."

"Bane gani?"

Wale wanane wa Kinkondja walikuwa wamesimama na masanduku yao, wakimtazama Ndaya. Naye akakaa ukingoni miguu ikining'inia, akalia kwa hasira. Jessé alingoja mpaka amalize. Kisha akamuuliza kama kuku wanataga, akajibiwa wawili tu, na akasema ni sababu ya baridi. Ndaya akauvuta wavu, akapuliza moto, akateremsha sufuria ya kambale na ugali kwa kamba.

Wale wengine walipata sufuria ya pili. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mizizi waliyakinga kwa mikono, wakanywa. Mmoja alisema ni ya upande wa magharibi wa ziwa, karibu na mafunjo marefu. Mwingine alibisha. Walibishana hivyo kwa furaha mpaka ajida, askari mkuu wa depo, alipotoka ofisini akifunga vifungo.

Ajida alitazama juu, akazunguka kisiwa chote kwa macho.

"Mama, uko na karatasi?"

Ndaya aliiteremsha. Ajida alisoma pande zote mbili, akaugusa muhuri kwa kidole.

"Iko sawa," alisema. "Lakini kisiwa chako kinalowesha risasi. Usogee kwa kona ile, karibu na choo. Na ile samaki, ni ya kuuzisha?"

Alipewa mmoja. Akamla amesimama, akarudi ndani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyotulia. Ngazi ya kanisa iliegemezwa ukutani upande wa barabara, na Suzanne alipanda kila siku baada ya kazi za nyumbani, amebeba muhogo, mchicha au chumvi kutoka kwa Moustapha. Ndaya alitega nyavu upande wa chini wa kisiwa, ambako bado kulikuwa na samaki kwenye mizizi, na kila jioni sufuria ilishuka. Jessé alimweleza jinsi ya kufunga upya ile kona iliyooza, naye akaifunga. Wanawake wa mjini walizoea kuanika nguo mbali na njia ya matone. Ndaya aliona usingizi wake umekuwa mzuri, na siku nyingine alijikuta akiimba. Hakuwa amemwona mumewe kwa miezi mitatu. Sasa alimwona kila siku, na hilo halikuwa jambo dogo.

Siku moja alimuuliza dada yake:

"Yaya, weye uko hapa karibu. Hukusikia banahesabu?"

Suzanne alikuwa anachambua mchicha.

"Nilisikia. Kila asubui. Tulisikia bote." Aliendelea kuchambua, jani baada ya jani, mpaka akafika kwenye mashina matupu. "Nilisema ni mambo ya askari. Sikuyua ni shemeji."

"Na kama hangekuwa shemeji?"

Suzanne aliyakusanya mashina, akashuka ngazi. Kesho yake alileta sufuria yake mwenyewe, kubwa zaidi, ile ya sikukuu.

Mwishoni mwa mwezi Malachie alikuja kwa mara ya kwanza. Alipanda ngazi na shati lake jeupe, akashika paa la nyumba kwa sababu kisiwa kilikuwa kinayumba, akainama ukingoni.

"Jessé, shemeji, habari?"

"Nzuri, Malachie. Batoto?"

"Beko bazima."

Alisimama pale akihesabu kwa midomo. Alihesabu mara mbili. Ndaya alimuuliza kwa nini anahesabu, na Malachie, ambaye hakuwahi kusema uongo nje ya ofisi, akamwambia. Kila mwisho wa mwezi mji unatuma barua Lubumbashi juu ya hali ya raia. Katika barua hiyo kuna mstari unaosema kwamba hakuna raia anayeshikiliwa na askari ndani ya mji. Chefu wa biro, mkuu wa ofisi, ndiye anayetia sahihi. Mwenye kuipiga kwa mashine ya chapa ni yeye, Malachie, na ameipiga mara tatu tangu mwezi wa nne.

"Leo unapiga nini?" aliuliza Ndaya.

"Leo nimeona na macho yangu."

Alikwenda ofisini moja kwa moja, akaketi mbele ya mashine, akapiga: *raia arobaini na mmoja*. Chini yake akapiga majina, kuanzia la Jessé, yote aliyokuwa ameyauliza kutoka juu ya kisiwa. Chefu wa biro aliisoma barua taratibu. Dirisha lake lilitazama depo, na kisiwa kilionekana vizuri, moshi wa samaki ukipanda.

"Malachie, minyi pia naona," alisema. "Kila siku nabaona. Lakini Lubumbashi iko mbali, kutoka kule habaone. Tukibaandikia, batauliza juu ya nini mwezi wa tano hatukuandika. Na mwezi wa sita."

Akamrudishia karatasi, bila ukali. Malachie aliweka karatasi mpya kwenye mashine. Alikuwa na watoto watano na mwandiko mzuri na kazi hiyo tu. Akapiga ule mstari kama ulivyokuwa, akapeleka kutiwa sahihi, akarudi nyumbani kwa miguu akiisukuma baiskeli.

Alimweleza mkewe yote, hata lile la chefu na dirisha. Suzanne alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alimpakulia chakula chake, akakifunika vizuri, kisha akakunja godoro, akalibeba kichwani, akavuka reli.

"Naenda kulala kwa mudogo yangu siku kidogo," alikuwa amesema mlangoni kabla ya kuondoka. "Maharagi iko ndani ya ndoo ya buluu."

Jua lilikuwa bado liko juu ya miti ya barabarani alipofika. Godoro lilikuwa pana kuliko mlango wa nyumba ya nyasi. Ndaya alivuta kutoka ndani, Suzanne akasukuma kutoka nje, mlango ukalegea, na wote wawili wakaangukia ndani pamoja na kuku mmoja. Wakaanza kucheka. Walicheka kama walivyokuwa wakicheka utotoni, bila pumzi, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Kisiwa kilitikisika, matone yakashuka mengi kama mvua ndogo.

Chini, Jessé alisikia. Akauliza nini kimetokea, akaelezwa juu ya godoro na kuku, naye akacheka. Mtu wa pili akacheka kwa sababu Jessé anacheka, halafu wa tatu, mpaka wanaume arobaini na mmoja wakawa wanacheka uwanjani, wameshika mbavu, wameegemea masanduku. Kicheko kilipita juu ya ukuta. Barabarani watu walisimamisha baiskeli zao na kutabasamu.

Askari wa zamu alikuja mbio kutoka getini. Hakuwa na hasira. Aliwaomba wapunguze sauti, kwa sababu barua ya Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuondoka na humo ndani hamkuwa na mtu.