Kalibu ya Yago

Jumanne baada ya chai, Rozina alibana karatasi ya plastiki nyeupe kwenye fremu, akaiweka chini ya hita na kusubiri ilegee. Plastiki haipimwi kwa saa. Inapimwa kwa tumbo lake: ikianza kubonyea katikati kama godoro la gesti, imeiva. Karakana yake ya Mabatini ilitengeneza vifuniko vya keki na trei za mayai kwa njia hiyo kila siku. Lakini juu ya sanduku lenye matundu la kufyonzea plastiki, lililounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, leo hapakuwa na kalibu ya keki. Palikuwa na nusu mbili za tunda la yago, zimechongwa kwa tupa na kupigwa msasa hadi zikawa kiwiliwili cha ndege ya kivita.

"Mama, hilo tunda si la mtu?" aliuliza Sabina, fundi wake wa kutoka Misungwi, kidole kwenye swichi.

"Mtu gani? Si wamesema hakuna mtu? Washa."

Kwa Wajaluo wa Rorya, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, ndugu hutafuta yago, tunda refu la mvungunya, wakalizika mahali pake. Linaitwa kwa jina lake, linaombewa, na watu wanalilia kama kawaida. Kevin Otuoma, mtoto pekee wa Rozina, alikuwa rubani wa jeti. Wakati wa masika alipita juu ya mji kuelekea Busisi, upande wa ziwani, wavuvi wakasikia kishindo majini, na Kevin hakurudi. Baba yake mdogo, Yakobo, alifika kwa basi kutoka Shirati amepakata yago mapajani.

Siku hiyohiyo alikuja Kapteni Shigela kutoka kambini. Alikunywa soda, akasema pole kwa usumbufu, ila hakuna ndege iliyopungua. Zote zilikuwa bandani. Na kama ndege ipo na rubani hayupo, basi rubani ametoroka.

Yakobo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalisimamisha yago nyuma ya mlango.

"Shemeji, mtoro hazikwi," alisema. "Tukimzika, halafu akaingia hapa na begi lake, tutamweka wapi?"

Akapanda basi kurudi Shirati. Majirani nao wakaacha kuja, kwa sababu hawakujua waje kutoa pole au waje kuulizia. Rozina alitaka kitu kimoja tu, kaburi la mwanawe pembeni ya la baba yake, na kulipata kulihitaji neno moja kutoka kambini: kwamba ndege ilianguka. Alifikiri kama mtu wa karakana. Wanaikana ndege kwa sababu hakuna mtu wa kuwawekea ndege hiyo mezani. Yeye angewawekea. Picha alikuwa nayo, Kevin amesimama kando ya bawa, anacheka. Mbao zote za karakana zilikuwa na mafundo, na yago nyuma ya mlango lilikuwa limekauka, gumu, na nusu ya kazi ya uchongaji lilishaifanya lenyewe. Akalipasua kwa msumeno.

Sabina aliwasha mashine. Rozina alishusha fremu, plastiki ikanyonywa ikakumbatia kalibu, ikapoa. Alichora ukingo kwa wembe, akavunja vipande, akavisugua kwenye msasa uliolala mezani mpaka nusu zote mbili zikakutana bila mwanga kupita. Mabawa aliyakata kwenye karatasi bapa. Kioo cha rubani alikifyonza kwa ile plastiki angavu ya vifuniko vya keki. Gundi ilipokauka, ndege ilianza kuvuja maji.

"Yana harufu ya ziwa," alisema Sabina. Akaleta beseni.

Ndani ya kioo alikuwa ameketi Kevin, hazidi kiungo cha kidole gumba, mikanda imembana na maji yamemfika kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Rozina alimpa punje ya wali na jicho la dagaa kwa kibanio cha nyusi. Kevin alikula vyote viwili.

"Kwa hiyo ulianguka," mama yake alisema.

"Nilianguka. Kiti hakikurusha. Kile cha kumtoa rubani nje, nilivuta mkono mara zote nilizoweza. Nilikuwa nimeshamwambia kapteni kwamba ni kibovu, akasema wageni wameshakaa jukwaani, nipite mara moja tu niteremke."

"Na wewe ukapita."

"Ningefanyaje, mama?"

Rozina alimwongeza wali.

Alhamisi aliwaita Yakobo na Kapteni Shigela, akawawekea viti, soda na ndege mezani. Kapteni alivaa miwani, akaizunguka meza. Kevin alimpigia saluti, na kapteni akaipokea, kwa kuwa ndiyo kanuni.

"Afande, kiti hakikurusha," alisema Kevin. "Nilikwambia."

"Hayo ni mambo ya ndani," alijibu kapteni. Akamgeukia Rozina. "Mama, kazi nzuri. Lakini hii siyo ndege yetu. Ndege yetu haikai mezani. Na huyu kimo chake hakifikii cha rubani anayeruhusiwa kuruka."

"Ni Kevin."

"Sikatai kwamba ni Kevin. Ndiyo vizuri sasa, maana amepatikana. Aripoti kambini Jumatatu."

"Aripoti vipi? Mikanda haifunguki."

"Hilo atalieleza mwenyewe akifika."

Kapteni alimaliza soda, akashukuru, akaondoka. Rozina alimgeukia shemeji yake. Yakobo alikuwa ameinamia kioo muda mrefu, na shati lake lilikuwa limelowa kifuani.

"Umesikia mwenyewe, Yakobo. Ameanguka. Yuko majini. Nipe siku ya mazishi."

"Nimesikia. Na kabla ya hapo aliniamkia, nikaitikia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hilo yago lilikuwa limeshatajwa jina lake, Rozina. Nililitaja mwenyewe nikiwa kwenye basi. Ungechonga ndege yako kwa ubao, tungezika yago. Sasa umemtoa, na mtu anayeamkia siwezi kumfukia."

"Mlisema hakuna wa kuzika. Nikaona ni tunda."

"Ndivyo tulivyosema," alikubali Yakobo. Akamuaga mtoto wa kaka yake, akamwambia ajitahidi kula, akawahi basi.

Ndege ilitundikwa kwa waya juu ya meza ya kukatia. Sabina aliweka beseni chini yake, na kila jioni alilimwaga mtaroni, kwa sababu maji hayakuisha. Kevin alilalamikia moshi wa plastiki na kuuliza matokeo ya mpira. Jumatatu ilipita. Baadaye walikuja askari wawili kumtafuta mtoro. Rozina aliwaonyesha juu kwa kidole. Walitazama, wakaamkiana naye, wakasema akionekana wapewe taarifa.

"Wewe mtoro una raha," Sabina alimwambia walipoondoka. "Unalishwa, unaogeshwa, hulipi kodi."

"Nishushe basi tubadilishane, dada."

Hapo ndipo Sabina alipookota zile nusu mbili za yago chini ya meza, zimeungua kidogo kingoni.

"Mama, hizi nizitie jikoni ziwe kuni? Kazi yake si imekwisha?"

Rozina alikuwa anabana karatasi ya vifuniko. Kabla hajajibu, mabati yalitetemeka na jeti ikapita juu ya Mabatini kuelekea Busisi. Mtaani watu walitoka nje kutazama juu mpaka kelele ikapungua. Ndege ya kwenye waya ilijigeuza taratibu, pua ikafuata sauti.

"Nani yuko zamu leo?" aliuliza Rozina.

"Masele. Wa Magu. Ana mama yake tu." Kevin alikuwa amebandika uso kwenye kioo. "Mama, viti vya hizo nyingine wameshavitengeneza?"

Plastiki ilikuwa imeshaanza kubonyea. Rozina aliiacha, akachukua nusu mbili za yago mikononi mwa Sabina, akazifuta vumbi kwa kanga.

"Ziweke rafuni," alisema. "Usizitupe."