Bi Samahani Atetea Tasnifu

Wenzake kazini walimbatiza Bi Samahani, na hawakumsingizia. Kusimama mapokezi ya hoteli miaka nenda miaka rudi kulikuwa kumemwingia hadi kwenye mifupa. Mgeni akilalamika kwamba maji ni ya baridi, samahani. Akilalamika kwamba mvua inanyesha, samahani vilevile, utadhani mawingu yako chini ya idara yake. Meneja aliwapa wahudumu dawa moja ya malalamiko yote: kubali, omba radhi, ahidi kurekebisha.

Kichekesho ni kwamba mama huyuhuyu ndiye aliyeandika tasnifu ya uzamili wa usimamizi wa utalii yenye hoja moja tu: mhudumu anayeomba radhi kwa kila kitu huwafukuza wageni, maana nani atamwamini bendera fuata upepo? Hoja hiyo aliihangaikia kati ya zamu na zamu, huku akisinzia juu ya vitabu na funguo za vyumba. Sura ya nne, yenye mahojiano ya wageni, ndiyo iliyokuwa roho ya kazi yote. Ikikataliwa hiyo, anaanza upya, na nguvu za kuanza upya hakuwa nazo.

Siku ya utetezi alifuatana na shangazi yake aliyemlea. Shangazi hakualikwa. Alijialika, akakaa kiti cha nyuma na mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kusikiliza posa. Mezani waliketi msimamizi wake, mtu mpole asiyesaidia kitu, na mtahini wa nje, profesa mwenye miwani kwenye ncha ya pua na uso wa mtu aliyeng'ata ndimu.

"Utangulizi wako ni mrefu mno," alianza profesa.

"Ni kweli kabisa. Tunaomba radhi, tutalishughulikia mara moja."

Akajishangaa. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na hapo ndiyo kwanza wanaanza.

"Marejeo ya sura ya pili yamepitwa na wakati."

"Ni kweli kabisa, profesa. Tunasikitika kwa usumbufu huo."

Msimamizi alitazama dari. Bi Samahani alitamani ardhi ipasuke immeze. Mdomo ulikuwa kazini, mwenyewe yuko likizo. Mazoea yana taabu.

"Na sura ya nne haina mashiko," profesa aliendelea. "Umewahoji wageni wa hoteli yako mwenyewe, bila shaka wamekupendelea. Mimi ningeiondoa yote. Unasemaje?"

"Ni kweli ka—"

Nyuma, shangazi akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kilekile cha sebuleni enzi za utoto, kila mara binti huyo alipotaka kumsogezea mgeni paja la kuku ambalo ni lake mwenyewe.

Bi Samahani alilikatiza neno. Aliogopa kweli.

"Hapana," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha, alipoona paa halijaanguka, akaongeza sauti. "Hapana, profesa. Nusu ya niliowahoji ni wale waliotuhama, walioapa hawatakanyaga tena kwetu. Hao wanipendelee kwa lipi? Wao ndio walioniambia kwamba tulikubali kila kitu, hata walipotudanganya."

"Waliwadanganya vipi?"

"Mmoja alilalamikia kelele za treni. Mji wetu hauna reli."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwomba radhi, nikamhamishia chumba kilicho mbali na reli."

Msimamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangua kicheko. Profesa alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Sura ya nne haitoki," alisema Bi Samahani.

Yeye na shangazi walitolewa nje ili watahini washauriane. Barazani shangazi alijipepea kwa mkono. "Ulikawia, mwanangu. Koo lilishanikauka."

Walipoitwa tena, profesa alikuwa ameshika ukurasa mmoja tu.

"Umefaulu. Utangulizi na marejeo utarekebisha mwenyewe. Ila hapa mwisho wa shukrani umeandika, 'Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.' Hili nalo ni la nini?"

Bi Samahani alilisoma, machozi yakamlengalenga, kicheko kikampata humohumo.

"Ni kweli kabisa, profesa," alisema, na safari hii alimaanisha. "Hilo ndilo litoke."