Likizo ni ya Aliyezaa

Fadhila alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameegemea ukuta, ungo wa maharage mapajani, akichambua huku macho yanajifumba yenyewe. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi jikoni, katika shule moja ya sekondari pale Kibaha, tangu atolewe kizazi. Sufuria la uji wa asubuhi lilikuwa motoni, na kila mwalimu aliyekuja kuchukua chai alimsifia.

"Mama Yahya, umenawiri! Ugonjwa umekukubali."

Kweli alikuwa amenawiri. Damu iliyomwandama miaka miwili ilikuwa imekatika na rangi ya uso imerudi. Lakini uso haukusema kwamba asubuhi ile alioga, akakaa kitandani kupumzika kuoga, kisha akavaa, akakaa tena kupumzika kuvaa. Mvivu hakuwa hata chembe. Huyu ndiye aliyekuwa akisonga ugali wa shule nzima huku anapiga soga. Daktari alimkataza kunyanyua vizito, akamwambia uchovu utachukua miezi kuisha.

Nyumbani aliyemwelewa ni mmoja tu, mama mkwe wake, Bi Biubwa wa Marui. Aliziacha korosho zinadondoka shambani, akaja kumchemshia maji na kumpikia uji wa pilipili manga, kama alivyofanya katika kila uzazi wake.

"Mama, mimi sijazaa," Fadhila alimwambia kwa haya.

"Kwani siku zile nilikuwa namlea mtoto? Nilikuwa nakulea wewe. Kunywa uji."

Majirani walichanganyikiwa. Kwa mzazi wangekuja na sabuni, kanga na hongera. Kwake walisema pole mlangoni, wakaondoka.

Mwalimu Lusajo, msimamizi wa chakula, aliingia akamkuta bado ameketi. Mwanaamina, mpishi mwenzake, alikuwa anachochea moto. Stellamaris, mpishi wa tatu, alikuwa anakoroga uji, mtoto wake mgongoni.

"Mama Yahya, sufuria la maharage mbona halijabandikwa?"

"Siwezi kulinyanyua, mwalimu. Nimekatazwa hospitali. Nitachambua, nitamenya, vyombo nitaosha nikiwa nimekaa."

"Kazi ya upishi ni ya kusimama. Stellamaris nilimpa miezi mitatu, sikumsumbua hata siku moja. Lakini mwenzio alijifungua. Wewe mtoto wako yuko wapi? Kama huwezi, sema, kamati itafute mwingine."

Lusajo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na utaratibu aliopewa, na katika utaratibu huo mwanamke hupumzishwa kwa ajili ya mtoto. Nje ya hapo hakuona njia, wala hakuwahi kuulizwa na mtu kwa nini iwe hivyo.

Fadhila akaweka ungo chini.

"Mwalimu, Stellamaris alitoa mtoto mmoja, mkampumzisha. Mimi nimetoa kilichobeba wanangu wote wanne. Mimi ndiye nisipumzike?"

Lusajo akatoa simu mfukoni.

"Hayo utawaeleza kamati. Linyanyue, au niwapigie sasa hivi."

Fadhila alishika ukuta ajiinue. Hapo Stellamaris akaacha mwiko ndani ya uji, akafungua mbeleko, akamrudisha mwenzake kwenye ndoo kwa mkono mmoja na kwa mwingine akampakatisha mtoto.

"Haya, mwalimu. Mtoto huyo hapo. Sasa mwache akae."

Mwanaamina alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha yeye na Stellamaris wakalishika sufuria la maharage, huyu mkono huu, yule mkono ule, wakalibandika. Lusajo alibaki mlangoni, simu mkononi, akimwangalia Fadhila. Fadhila naye alimwangalia vilevile, bila kuinamisha macho, na bila kuinuka. Kukaa pale mbele yake kulimtoa jasho kuliko ugali wowote aliowahi kuusonga. Mwili wake ulimdai haki, naye aliilipa hadharani.

Haukupita muda, usingizi ukamchukua, mtoto kifuani.

Kengele ya uji ikalia. Wanafunzi wakaja mbio na vikombe vyao, wanasukumana, wanapiga kelele za njaa. Lusajo, ambaye simu alikuwa bado hajaipiga, akawageukia, akaweka kidole mdomoni.

"Punguzeni sauti," akasema. "Kuna mzazi humu."