Kifuko cha Milala Kilichogoma Kufunguka

Tulikuwa uani kwetu Umwe: akina mama saba wa kikundi cha korosho, mama yangu akiwemo, miye, na dada Sihaba mwenye duka kituoni Ikwiriri. Vile vifuko vya nailoni vimekatazwa, kwa hiyo alishatuambia, "Nileteeni kifungashio kingine. Korosho zikilegea kwa unyevu, natafuta kikundi kingine."

Kifungashio nilikisuka miye. Cha milala, yale majani ya kusukia mikeka, kidogo kama kiganja, ndani nimetandika karatasi niliyoipaka nta ya nyuki. Kimekaa na korosho siku tatu. Leo ndo kinafunguliwa.

Kinafunguliwa wapi sasa! Mdomo niliumalizia kama tunavyomalizia mkeka. Dada Sihaba akavuta. Akageuza. Akatia jino.

"Hiki kifuko au kobe?"

"Lete nikuoneshe," akasema Bi Mwantum, mwenyekiti wetu. Huyu akavuta huku, yule kule, mara Bi Mwantum huyo chini, pwaa! Miguu juu, kifuko mkononi, hakijachanika hata kidogo.

"Hapa haibiwi mtu!" akasema akiwa palepale chini. "Mwizi atachoka mwenyewe!"

Mama akacheka mpaka akashikilia nguzo ya jiko.

Miye nilikuwa najua. Kuna mlala mmoja mwekundu, ukiuvuta huo tu, mdomo wote unaachia. Lakini miye hata mwalimu akiniuliza najibu nikiwa nimeinamia daftari. Sembuse watu wazima wanane!

Dada Sihaba akafuta machozi ya kucheka. "Kizuri, jamani. Ila wateja wangu wako ndani ya basi, na basi halikai. Watafungulia panga? Hapana, ngoja nikatafute kwingine." Akasimama.

"VUTA ULE MWEKUNDU!"

Sijui sauti ilitoka wapi. Hata kuku walikimbia.

"He! Kumbe Sabra anaongea?" akasema Bi Mwantum. "Na mama yake alikuwa anatuficha!"

Dada Sihaba akavuta. Fyuu! Korosho zikamrukia kifuani. Akadaka moja, akaitia mdomoni. Wote tumemwinamia kinywani kama tunasikiliza mpira redioni.

Kraa.

"Tafuna tena," mama akanong'ona.

Kraa, kraa.

Vigelegele hivyo! Dada Sihaba, mdomo umejaa, akasema, "Vifuko mia mbili, Jumamosi. Na huyu mwenye sauti aje kituoni awaoneshe abiria pa kuvuta."

Wote wakanigeukia. Nilishajifunika kanga gubigubi, nacheka hadi kwikwi, na humohumo ndani ya kanga kichwa kinakubali.