Kisicho na Mzizi

Usingizi hauna adabu. Unamkuta Kazija adhuhuri kweupe, amekaa pwani juu ya rundo la mwani aliouvuna, ameushika mkono wa bintiye Zuwena wa miaka sita, na papo hapo mchanga unageuka barabara ya maji. Anatembea, na kila akigeuka anauona mji ule ule umepinduka, mapaa chini, milango juu, na mkononi hamna mtoto. Mbele yake amesimama mwanamke aliyejitanda kanga, ila ndani ya kanga hamna uso. Mwanangu yuko wapi, bibi? Amepandwa humu, anajibu yule mwanamke; mtambue kabla maji hayajajaa, ukimkosa ni wetu.

Kazija anakimbia. Mtaa wa kwanza umejaa nyasi za baharini. Anavuta jani, linagoma. Lina mizizi mchangani na maua madogo, sawa na majani ya shambani. Haya yanajitegemea, hayamlilii mama. Mtaa wa pili ni utando wa kijani uliotambaa kwenye kuta, hauna shina wala jani, akiugusa unateleza, na akiliita jina la bintiye hauitiki. Maji yamefika kiunoni. Mtaa wa tatu, au labda ni ule wa kwanza umerudi, una tawi moja tu la mwani mnene, halina mzizi wala ua, limeng'ang'ania jiwe. Kisicho na mzizi huishi kwa kitu gani, anauliza asiye na uso. Kazija amelima mwani miaka kumi na miwili, hana haja ya kufikiri. Kwa kushikwa, anasema. Huyu ndiye wangu.

Anatoa kamba kiunoni, anamfunga. Mwenyewe ndiye huwafundisha wenzake kwamba mwani mnene hufungwa kwa kulegeza, maana ukikaza kamba inaukata. Lakini mkondo unavuta, maji yako kidevuni, na mwenye hofu hasikii hata la kwake mwenyewe. Anakaza. Anakaza tena.

Mama, legeza, unaniumiza.

Ni sauti ya Zuwena. Kitu kinamchoma Kazija kwenye kope, jua au maji ya chumvi, hajui. Kiganjani mna kitu chembamba, chenye baridi, kinapapatika. Kama hapa ni pwani, huu ni mkono wa mtoto, aulegeze. Kama bado ni kule, akilegeza tu mkondo umemchukua. Anaogopa kufumbua macho. Mama, inaita tena ile sauti, safari hii kwa mbali kidogo.

Kazija anakaza.