Ubeti wa Tatu

Mtunzi aliposikia kwamba mumewe wa zamani, mwongozaji wa tamthilia, anautumia wimbo wake jukwaani bila ruhusa, hakupiga kelele. Alisubiri siku ya onyesho la kwanza, tiketi zikiwa zimekwisha, ndipo akamfuata ukumbini.

"Sema unataka malipo gani," mwongozaji alisema, jasho likimtoka.

"Pesa kaa nazo. Ruhusa nakupa, ila wimbo uimbwe wote. Ule ubeti wa tatu ulioukata, urudishe."

Ubeti huo ulimsema mwanamume aliyemtoroka mkewe mjamzito, kisha akawadanganya ndugu zake kwamba mke ndiye aliyemfukuza.

"Mama yangu atakuwepo," alinong'ona.

"Ndiyo maana. Miaka yote ananiona mimi shetani. Kama hutaki, futa onyesho."

Mtunzi akamnyooshea karatasi ya makubaliano, naye mwongozaji akatia sahihi.

Jioni ile mtunzi alikaa nyuma ya aliyekuwa mama mkwe wake. Ubeti wa tatu ulipoimbwa, bibi alikakamaa, kisha akageuka taratibu.

"Ni mwanangu huyu anayeimbwa?"

"Ndiye, mama."

Bibi akainuka, akashika njia ya nyuma ya jukwaa. Mtunzi akamsindikiza kwa macho, raha imemjaa hadi kooni.