Nyumba Isiyo na Milango

Mwanapili alipopandishwa kuwa msimamizi wa dobi, watu wa Nungwi walimpongeza mumewe. "Khatib, mkeo kapata cheo," walimwambia pwani, naye akaitikia "Alhamdulillahi" bila kuinua macho kwenye ubao aliokuwa akiuranda. Khatib alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, kama baba yake na babu yake, na si mtu wa maneno.

Dobi lenyewe, nyumba ya kufulia nguo, lilikuwa kule Fumba, kwenye mji mpya wa maghorofa. Shuka na mataulo ya wapangaji wote yalipita mikononi mwa Mwanapili na wanawake wanane aliowasimamia. Kazi aliipenda. Tatizo lilikuwa njia. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya kisiwa na Fumba iko kusini magharibi, na hakuna mtu anayekwenda na kurudi kila siku akabaki na nguvu ya kumsuka mtoto nywele. Kwa hiyo kila Jumaapili jioni alikuja mjini kwa mama yake mdogo, Ng'ambo, akalala huko wiki nzima kitanda kimoja na binti wa nyumba, na Ijumaa akarudi Nungwi. Watoto wake wawili, Sumaiya na Simai, walibaki na baba yao na bibi yao, Bi Khamisa.

Alivumilia hivyo tangu baada ya Idi mpaka mvua za vuli. Halafu Ijumaa moja alifika nyumbani, akamkuta Simai, aliyekuwa na miaka sita, anatoka mbio uani akishika tumbo. Mwanapili akafungua mikono. Mtoto akampita pale mlangoni kama anavyompita mgeni, akaenda kumwambia bibi yake kwamba tumbo linamuuma.

Bi Khamisa alichemsha mchaichai, mtoto akanywa akalala. Lakini Jumaatatu ile Mwanapili alimpigia simu dalali.

Dalali huyo akiitwa Jaku, na alikuwa mwepesi wa maneno kama madalali wote. Katika mji mpya wenyewe hakumpeleka, maana Mwanapili alizijua nyumba zile kuliko yeye: kodi zake zinahesabiwa kwa dola, na mshahara wake yeye unahesabiwa kwa shilingi. Alimpeleka Mazizini, kwenye vyumba viwili vya uani nyuma ya nyumba kubwa, safi, vina maji na feni. Mwenye nyumba akatoka barazani akauliza, "Mna watoto?" Aliposikia wawili, akasema vyumba vishachukuliwa. Jaku akampeleka Chukwani, huko wakakuta choo kimoja kwa familia tano na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka mzima mbele. Kila nyumba Jaku alidai ada yake ya kuonyesha.

"Dada yangu," Jaku akamwambia mwishoni, "tangu ule mji kujengwa, huku kote hata banda la mbuzi lina bei. Rudi kwenu kaskazini utafute kazi hotelini."

Mwanapili akamlipa, akaachana naye.

Nyumba aliipata bila kuitafuta. Mmoja wa wanawake wa dobini, Nadra, alikuwa mwenyeji wa Bweleo, kijiji kilichoko njia hiyo hiyo ya Fumba, mwendo wa miguu tu kutoka kazini. Siku moja alimwita kwake kula chakula cha mchana. Ubavuni mwa nyumba ya Nadra palikuwa na nyumba ya matofali yenye bati jipya na kuta zilizopigwa lipu, lakini haina mlango hata mmoja wala dirisha. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala sebuleni.

"Pagale la nani hilo?" Mwanapili akauliza.

"La Bi Ulfat wa Malindi. Alikuwa akimjengea bintiye. Binti kaolewa, kahamia Maskati, mama mtu moyo ukamvunjika, akaacha pale pale."

"Hakodishi?"

"Wamekwenda watu kumuuliza mpaka wamechoka."

Mwanapili naye akaenda kuuliza. Bi Ulfat alikaa ghorofa ya kwanza ya nyumba kongwe huko Malindi, ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Jirani zake wa kulia na kushoto walikwisha kuzigeuza nyumba zao kuwa za kulala wageni. Mwanapili akapiga hodi, akakaribishwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Wewe wa wapi?"

Akajieleza: wa Nungwi, kazi Fumba, watoto wawili, mume. Bi Ulfat alimsikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Nyumba ile haina milango. Nikimuweka mtu na watoto wake kwenye nyumba isiyo na milango, nikampokea na pesa zake, watu watanisemaje? Na mimi nguvu ya kuhangaika na mafundi sina tena."

Hapo ndipo Mwanapili aliposema neno ambalo hakulipima. "Mume wangu fundi, Bi. Atatia milango yeye. Mbao zako, kazi yake, na sisi tukae bila ya kodi."

"Fundi wa milango?"

"Wa vyombo."

Bi Ulfat akafikiri. "Anayetengeneza chombo kisivuje, mlango hautamshinda," akasema. "Njoo naye Jumaapili, tukutane kule kule."

Njia nzima ya kurudi Nungwi Ijumaa hiyo, Mwanapili alikuwa na furaha, na chini ya furaha kuna kitu kinamchoma. Alingoja mpaka mumewe amalize kula ndipo akamweleza. Khatib alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Nani kakwambia miye natengeneza milango?"

"Nlidhani hutakataa, Baba Sumaiya. Nlidhani kwa ajili ya watoto..."

"Hukudhani. Ungedhani, ungeniuliza." Hakupandisha sauti, na Mwanapili aliona bora angeipandisha. "Wewe hukukodi nyumba, Mwanapili. Umenikodisha miye."

Mwanapili alikuwa na majibu mengi. Angeweza kumwambia habari ya kitanda cha Ng'ambo, na habari ya mtoto aliyempita mlangoni. Lakini neno la mumewe lilikuwa kweli, na lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

"Nimekosa," akasema. "Basi nakuuliza sasa."

Khatib akatoka kwenda msikitini. Bi Khamisa, aliyekuwa akichambua mchele pembeni na kusikia kila kitu, akasema kwa sauti ndogo, "Na miye mnaniacha na nani?"

Asubuhi Khatib alimkuta mkewe anafua uani. "Nna chombo cha Abrahman pale pwani," akasema, "mbavu zimesimama, mbao bado. Siwezi kukiacha. Lakini kuangalia nyumba, ntakwenda kuangalia."

Jumaapili Bi Ulfat alikuja Bweleo kwa teksi, akawekewa kiti kivulini kwa Nadra. Khatib aliwatoa mbuzi, akaingia. Alizunguka chumba kwa chumba, akapima kila uwazi kwa futi yake, akapitisha kiganja kwenye kuta. Mwanapili alisimama nje akijizuia asimfuate. Alipotoka, alimwamkia Bi Ulfat, kisha akachutama mbele yake.

"Milango ntatia, Bi. Lakini si badala ya kodi."

Mwanapili akasogea hatua moja.

"Mbona hivyo?" Bi Ulfat akauliza.

"Kazi ya mikono yangu nilipwe miye. Kodi atalipa mke wangu, maana kazi iliyotuleta huku ni yake. Tukivichanganya, siku tutakayogombana wewe na miye juu ya bawaba, watoto wangu watalala nje."

Bi Ulfat akasema, "Pesa ya milango yote sina."

"Unayo ya mingapi?"

"Miwili."

"Basi wa mbele na wa uani. Madirisha ntaziba kwa mbao za masanduku, mengine tutatia mapazia. Na kodi iwe ndogo, kila mwezi, kwa sababu nyumba haijesha. Isipande mpaka nitie mlango wa mwisho."

Bi Ulfat alimtazama, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mlango wa mwisho, baba, wewe hutautia mpaka nife!"

"Inshaallah utaishi, Bi, na utauona," Khatib akasema, naye kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamwangalia mkewe.

Walihamia kabla skuli kufunguliwa. Sheha wa kijiji akaandika majina yao, Sumaiya na Simai wakapata madawati, na Mwanapili akawa anatoka nyumbani kukiwa kumekucha na kurudi kabla ya magharibi, kwa miguu yake. Haikuwa pepo. Khatib alikaa nao wiki mbili, wiki mbili akarudi Nungwi kwenye chombo na kwa mama yake. Sasa mwenye kuhangaika na njia akawa yeye. Mbuzi walikuwa wakiingia kila mlango ulipoachwa wazi, kwa ukaidi kama wenye hati. Na Simai, ambaye yote haya yalianza kwa ajili yake, alimlilia bibi yake kila jioni, na Mwanapili akambeba mgongoni mtoto mkubwa vile, akizunguka naye uani, mpaka akazoea.

Mwezi wa Shaabani Bi Khamisa alishuka kutoka kaskazini na kikapu cha pweza mkavu na kuku wawili waliofungwa miguu. Alisema amekuja kuangalia tu. Akakagua jiko, akauliza kibla kiko upande gani, akalaumu kisima. Siku ya pili asubuhi Mwanapili alikuwa amesimama sebuleni, buibui mkononi, hajui kama ni adabu kumwacha mkwewe peke yake na kwenda kazini.

"Nenda," Bi Khamisa akamwambia, akimvisha Simai shati la skuli. "Shuka za watu hazijifui."